Aliyelishusha Kanisa Kutoka Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani au shambani, punguzeni moto chini ya sufuria mje karibu na redio. Leo tunaye mtu mmoja wa kumkumbuka, na sitaki mnisikilize nusu nusu.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, tulimzika Mchungaji Zadinga. Mchungaji Zadinga wa kijiji chetu cha Thingkhuang, aliyefanya kazi ya Injili miaka kumi na mitano ng'ambo, katika Visiwa vya Solomon. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Vijana walianza kuchimba kaburi alfajiri, mvua ikiwanyeshea, na hakuna hata mmoja aliyeomba kupokewa sepetu.

Nimetangaza kumbukumbu nyingi katika kipindi hiki. Kwa kawaida naletewa karatasi: alizaliwa, akasoma, akaoa, akajenga, akafariki. Na hii nililetewa. Nimeiweka kando, samahani kwa aliyejisumbua kuiandika. Karatasi ile inasema Mchungaji Zadinga alijenga kanisa. Ni kweli, alijenga. Lakini yeye mwenyewe alitaka akumbukwe kwa kulibomoa. Na kwa sababu ya neno hilo, hadi juzi jiwe la kaburi lake lilikuwa tupu, halijachongwa hata herufi moja.

Tuanze na mama yake.

Mchungaji Zadinga alizaliwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tisa. Wazee mnaukumbuka mwaka huo. Mianzi yote ya milima hii ilichanua, panya wakala matunda yake, wakazaana, wakamaliza mpunga shambani. Ni mwaka wa njaa. Bi Darthiangi alimzaa Zadinga katika njaa hiyo, na kabla mtoto hajaanza kutembea, mumewe akaangukiwa na mti. Akabaki yeye, mtoto, na kopo.

Kopo hilo kila nyumba kwetu inalijua. Kabla ya kuosha mchele, mama anachota konzi moja, anaitia kwenye kopo karibu na jiko. Anachota asubuhi na anachota jioni, maana tunapika mara mbili. Jumamosi akina mama wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya. Mchele ule ndio unaowapeleka wahubiri wetu wanakokwenda.

Mchungaji mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyomshika mama yake sketi siku moja, ana njaa, akauliza, "Mama, Mungu anakula wali?"

"Hali."

"Sasa mbona tunampa?"

"Ndiyo maana tunampa. Angekuwa anakula, wewe usingebakiwa na kitu. Kaa chini."

Akakaa chini. Alisema baadaye kwamba yale ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kusikia, na hakuwahi kuyashinda.

Alikua, akasoma, akapewa uchungaji. Alimwoa mwalimu Rozami, wakapata binti mmoja, Hlimpuii. Na mwaka wa elfu mbili na tatu, akiwa na miaka arobaini na minne, kanisa likamtuma Visiwa vya Solomon. Siku ya kuagana watu walilia mpaka wakachoka. Bi Darthiangi hakulia. Alimfunga mwanawe kifungo cha koti akamwambia, "Nenda. Usije ukarudi kabla ya kazi kwisha eti mama anaumwa. Nitaumwa tu, mimi ni mzee. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Haya, gari linakusubiri."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo penye kosa. Na kabla hamjamcheka marehemu, niwaambie: kosa hili hata mimi ningelifanya. Nawe ungelifanya. Sisi sote tuliozaliwa kwenye migongo ya milima hii tungelifanya mchana kweupe, tukishangilia.

Alipelekwa kijiji cha Fouhau, kisiwani Malaita. Fouhau iko ufukweni. Watu wanaishi chini, karibu na maji. Nyuma ya kijiji kuna mlima, na juu ya mlima kuna mgongo mzuri, umenyooka, una upepo, na hapana hata kibanda. Mchungaji Zadinga aliutazama mgongo ule akahisi kama yuko nyumbani. Kwetu mtu mwenye akili zake hukaa juu. Bondeni kuna mbu, kuna homa, kuna ukungu hadi saa tano. Na kanisa ndiyo kabisa. Kanisa likikaa chini tunaona limedharauliwa.

Akamwendea mkuu wa kijiji, Mzee Toata.

"Mzee, kule juu kuna mtu anaishi?"

"Hakuna."

"Kuna mtu analima?"

"Hakuna."

"Basi Mungu alituwekea."

Mzee Toata akautazama mlima. Akaviangalia viatu vya Mchungaji. Akasema, "Wewe ni mgeni wetu. Ukitaka juu, tutabeba mbao."

Na wakabeba. Mwaka wa elfu mbili na tano fundi Hrangluta alisafiri kutoka hapa kwenda kujenga. Mnamjua fundi Hrangluta, fundi wa mbao na wa mawe ya makaburi, mzee wa kanisa, rafiki wa Zadinga tangu walipokuwa wakiiba malimau pamoja. Alikaa kule miezi minane. Wanaume wa Fouhau walipandisha mbao mgongoni, safari baada ya safari, bila kunung'unika. Kanisa likasimama. Lilikuwa na mnara, lilikuwa na kengele, lilikuwa na paa la bati lililong'aa hadi baharini. Fundi akalipiga picha. Mwaka uliofuata picha ile ilikuwa kwenye kalenda ya kanisa, na kalenda ile ilikuwa ukutani mwa kila nyumba. Hata kwetu ilikuwepo, juu ya kabati la vyombo. Nilikuwa msichana. Kila nikichota konzi ya mchele niliitazama picha ile nikaona mchele wangu umekuwa bati.

Kwa hiyo hebu fikirini, wasikilizaji wapendwa. Kanisa lilijengwa kwa konzi za mama zetu. Kanisa likawekwa juu ya mlima. Na hakuna aliyepanda.

Kila Jumapili Mchungaji Zadinga alipiga kengele ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kama tunavyopiga kwetu. Walikuja Mzee Toata na ndugu zake wawili. Walikaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri mvua ikatike, ibada ikiisha wanashukuru, wanashuka. Ukiwatoa hao, palikuwa na Mchungaji, mkewe na binti yao.

Hlimpuii, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, aliniambia wiki hii, "Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani kanisa ndivyo lilivyo kila mahali, watu sita na popo. Baba alikuwa anasema, 'Watapanda. Nitapiga kengele mpaka wapande.' Mama alikuwa ananyamaza. Mama akinyamaza jua kuna jambo."

Alipiga kengele ile miaka miwili. Tunampenda marehemu, lakini tuseme ukweli: uhodari ulikuwa umekwisha zamani, uliobaki ulikuwa ukaidi.

Jibu lilitoka kisimani. Bi Rozami alikuwa akiteka maji na wanawake wa Fouhau, na mmoja wao, kwa kuwa sasa walikuwa wamezoeana, akamuuliza, "Mama Hlimpuii, hivi mumeo ana ugomvi gani na sisi wanawake?"

"Ugomvi! Ugomvi gani tena?"

"Ameiweka nyumba ya Mungu mahali tusipokanyaga. Chini ya mgongo ule iko mifupa ya mababu zetu. Mwanamke hapiti juu ya mifupa ya mababu. Hata mtoto anayenyonya hapandishwi, na wanaume wetu hawataki kusali bila sisi. Tulijua hamtutaki."

Bi Rozami aliacha ndoo palepale. Alipanda mlima mikono mitupu, akamkuta mumewe anapaka rangi dirisha. "Baba Hlimpuii," akasema, "teremka kwenye ngazi ukae. Nina neno, na nisingependa ulisikie ukiwa juu."

Alipolisikia, Mchungaji alishuka mbio hadi kwa Mzee Toata, mikono ina rangi.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama kuna mtu anaishi kule. Nikakujibu. Uliniuliza kama kuna mtu analima. Nikakujibu."

"Lakini ulijua!"

"Na wewe ulikuwa umeshaamua. Mgeni akishaamua, sisi tunabeba mbao." Kisha Mzee Toata akacheka kidogo. "Wenzangu walikuhurumia sana. Walisema pengine kwao watu wana miguu ya mbuzi, tumwache."

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa na njia rahisi. Angejenga kibanda cha makuti ufukweni, akasalisha watu hapo, na lile la mlimani akaliacha lisimame kwa ajili ya picha. Nani angejua? Kutoka Thingkhuang hadi Fouhau ni mbali kuliko mwezi. Na aliifikiria njia hiyo, msimdhanie malaika. Alimwambia mkewe, "Tuliache tu. Watu wa nyumbani wanalipenda."

Bi Rozami akamjibu, "Na mama yako akilitazama ukutani huku anachota mchele, anatazama nini?"

Na mchele wenyewe ulikuwa umekwisha. Meli iliyopita Fouhau mwezi huohuo ilileta barua kutoka nyumbani: mianzi imechanua tena. Miaka arobaini na minane ilikuwa imetimia. Panya walikuwa wameingia mashambani. Huko Thingkhuang watu walikuwa wanachimba viazi mwitu msituni, na akina mama, katika njaa ile, walikuwa bado wanajaza makopo.

Ndipo akapiga moyo konde. Aliandika barua, akaomba isomwe makanisani. Ninayo nakala yake, imekunjwa mpaka imechanika. Sikilizeni: "Ndugu zangu. Kanisa mlilolijenga kwa mchele wenu ni tupu. Nimeliweka mahali wanawake hawawezi kufika. Hakuna aliyenishauri vibaya, sikuuliza vizuri. Kanisa la picha yenu nalibomoa, nilijenge chini. Mkiona nirudi, nitarudi. Lakini nipeni muda nilishushe kwanza. Wenu, Zadinga."

Ilisomwa Jumapili moja asubuhi. Tulipofika nyumbani baba yangu aliigeuza kalenda ikatazama ukuta. Nyumba nyingi zilifanya hivyohivyo. Viongozi wakaanza kuzungumza habari za kumrudisha. Na aliyeumia kupita wote ni fundi Hrangluta. Katika mkutano wa kanisa pale Thingkhuang alisimama akainua mkono.

"Kila msumari wa kanisa lile niliupiga mimi," akasema. "Mimi, kwa mkono huu. Anabomoa kwa ruhusa ya nani? Akomeshwe!"

Mama mmoja akadakia, "Watoto wetu wanakula viazi mwitu, yeye kule anabomoa bati!"

Hapo akasimama Bi Darthiangi. Alikuwa na miaka sabini na miwili, amekonda, shali imemzidi mwili. Mkononi ana kopo. Akalifunua, akatoa kipande kimoja cha kiazi mwitu, kikavu, akakiinua watu wakione.

"Hiki ndicho nilichoweka jana jioni," akasema. "Sina mchele. Nyote hamna mchele. Mwanangu amekosea. Angekosea akanyamaza, leo nisingethubutu kusimama mbele yenu. Lakini mchele wangu mimi sikuutolea mlima. Nilimtolea Mungu. Na Mungu ana miguu, atashuka. Hrangluta, mwanangu, keti."

Fundi akaketi. Hakukubali, lakini aliketi. Viongozi nao wakaahirisha neno la kumrudisha, na baada ya siku ile sikusikia tena likitajwa.

Juma lile Bi Darthiangi alimwandikia mwanawe barua. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, kama alivyofundishwa shule ya Jumapili. Barua nzima ni hii: "Shusha. Misumari usiitupe. Mama."

Alishusha. Na alianza yeye na mkewe tu. Mzee Toata alikuja na wanaume kumsaidia, Mchungaji akakataa. "Mlipandisha mbao hizi kwa sababu ya kosa langu," akawaambia. "Hamwezi kuzishusha kwa sababu hiyohiyo." Siku kumi na moja alipanda mlima asubuhi, akabandua ubao mmoja mmoja, akaushusha begani. Jioni Bi Rozami na Hlimpuii walikaa nje ya nyumba na jiwe na nyundo, wakinyoosha misumari. Ngozi ya bega la Mchungaji ilichunika. Akafunga kitambaa, akapanda tena.

Siku ya kumi na mbili alipofika na ubao mahali njia inapopinda, akakuta watu. Walikuwa wanawake wa Fouhau. Walikuwa wamepanda hadi pale wanaporuhusiwa kufika, wakasimama hapo wamejipanga mpaka chini ufukweni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewaita. Yule wa kwanza, yule wa kisimani, akanyoosha mikono.

"Lete," akasema. "Hili sasa ni letu."

Mchungaji Zadinga akampa ubao. Hlimpuii anasema hapo ndipo alipomwona baba yake analia kwa mara ya kwanza maishani. Alilia kwa sauti, ubao wa pili ukiwa bado begani.

Walilijenga chini, karibu na maji, juu ya nguzo fupi, alivyoelekeza Mzee Toata. Mnara haukuwepo. Kengele ilitundikwa mtini. Jumapili ya kwanza watu walijaa hadi nje. Hakuandika idadi yao. Viongozi walipomwandikia kuuliza walikuwa wangapi, alijibu kwa mstari mmoja: "Wanawake walikuja."

Kalenda ya mwaka uliofuata haikuwa na picha yoyote. Nadhani watu walikuwa bado wana aibu.

Wasikilizaji wapendwa, nirudie ili anayejiunga nasi sasa asipotee. Tunamkumbuka Mchungaji Zadinga. Alijenga kanisa juu, akalishusha chini. Baada ya hapo alikaa Fouhau miaka mingine kumi.

Katika miaka hiyo, mwaka wa elfu mbili na kumi, Bi Darthiangi alifariki. Habari zilimfikia mwanawe siku ya kumi na tisa. Vijana walikwisha kuchimba, nyimbo zilikwisha kuimbwa, viti vya msiba vilikwisha kurudishwa. Mchungaji hakurudi. Watu wengine hapa walimsema kwa hilo, nami nawajua. Walisahau aliagizwa nini, na nani.

Mwaka ule alianza kuandika mawazo yake katika daftari la shule. Hlimpuii ameniruhusu niwasomee kidogo. Anaandika hivi:

"Mianzi huchanua, kisha mtu anakua, anaoa, anazeeka nusu, ndipo inachanua tena. Mama aliiona mara mbili. Mimi ya kwanza nilikuwa mchanga, ya pili nilikuwa ng'ambo. Ya tatu sitaiona. Zamani wazo hili lilinihuzunisha. Sasa linanipunguzia mzigo. Kazi isiyoweza kuisha kabla mianzi haijachanua tena haiwezi kuwa kazi yangu. Lazima niwe na mtu wa kumpa."

Na mahali pengine: "Nilikuja hapa nikifikiri mimi ndiye niliyetumwa na hawa ndio waliokuwa wakisubiri. Hawakuwa wakisubiri. Walikuwa wanaishi. Nilipowakaribia ndipo wakanisogezea nafasi. Miaka miwili nilipiga kengele nikiwataka wapande niliko. Siiiti miaka iliyopotea. Lakini nikiulizwa siku ile ya hukumu nitasema niliitumia vibaya, na sitatafuta neno jingine."

Ukurasa wa mwisho alioandika Fouhau una sentensi moja: "Leo mchungaji wao amehubiri vizuri kuliko mimi, nami nimekaa karibu na mlango." Mchungaji huyo ni mtoto wa kaka yake Mzee Toata. Mwaka wa elfu mbili na kumi na nane Mchungaji Zadinga alimkabidhi kazi yote, akapanda meli na mkewe na binti yake, wakarudi nyumbani.

Alirudi kimya kimya. Alifundisha shule ya Jumapili, akapanda tangawizi, akawa anaulizia ulizia bei ya mbolea kama watu wote. Kila asubuhi Bi Rozami alichota konzi, na yeye akamshikia kopo. Kisha saratani ya tumbo ikamshika, na kwa miezi saba hakumpa mtu nafasi ya kumhurumia. Alimwita rafiki yake, fundi Hrangluta, kwenye kitanda chake.

"Jiwe langu utachonga wewe," akamwambia.

"Nitachonga. Nitaandika: mjenzi wa kanisa la kwanza la Fouhau."

"Huandiki hivyo. Andika: Alijenga kanisa juu ya mlima. Akakosea. Akalishusha."

Fundi akasimama. "Unataka wajukuu zako wasome 'akakosea' kaburini? Siandiki. Miaka yote hii unanivunjia nyumba yangu, sasa unataka niivunje kwa patasi yangu mwenyewe? Tafuta fundi mwingine!"

"Fundi mwingine simtaki," akasema Mchungaji. "Basi litakaa tupu."

Na likakaa tupu. Alifariki Jumatatu, akazikwa Jumatano, na jiwe limelala uani kwa fundi, jeupe, limepigwa msasa, halina neno. Wazee wa kanisa walikuwa upande wa fundi. Bi Rozami na Hlimpuii walikuwa upande wa marehemu. Watu walikuja kuimba msibani, wakakaa makundi mawili. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Ijumaa jioni, nyimbo hazijaanza, simu ya Hlimpuii ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Fouhau. Mzee Toata bado yu hai. Sauti imekwisha, lakini yu hai. Hlimpuii akaiongeza sauti ya simu, akatutafsiria neno kwa neno, maana lugha ile aliijua utotoni.

"Mama Hlimpuii, Hlimpuii, poleni. Tumelia huku. Wanawake wamekaa kanisani tangu jana, hawataki kutoka. Watoto wameniuliza, 'Babu, nani alijenga kanisa hili?' Nimewaambia, 'Bibi zenu.' Na ni kweli, walilipokea mikononi ubao kwa ubao. Zadinga alipenda tuseme hivyo. Na yule fundi wenu aliyekuja, Hrangluta, kama yu hai mwambieni. Kanisa halina msumari mpya. Ni ileile aliyoileta. Ilinyooshwa yote, hatukutupa hata mmoja. Imepigwa mara mbili na bado imeshika."

Fundi Hrangluta alikuwa amekaa pembeni na wazee wenzake, mikono kifuani. Hakuna aliyemtazama. Aliinuka polepole, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya Bi Rozami.

"Yote?" akauliza.

"Yote," akasema Bi Rozami. "Mimi na mtoto tulikuwa tunainyoosha. Mama mkwe aliagiza. Iulize mikono yangu, itakwambia."

Fundi akafunika uso kwa shali. Kisha akatoka, na nyimbo zilipoanza tulisikia nyundo na patasi kutoka uani kwake. Hatukunyamaza kuimba, naye hakunyamaza kuchonga.

Asubuhi wazee wawili walimwendea, wakamwomba angalau neno lile la katikati aliache, kwa heshima ya kanisa. Namnukuu fundi kama alivyosema: "Neno hilo ndilo limeyashika mengine. Nikiling'oa, yote yanaanguka. Mimi ni fundi, najua."

Jiwe limesimamishwa leo saa tatu. Nimeligusa kwa mkono wangu. Limeandikwa jina lake, miaka yake, na maneno haya: Alijenga kanisa juu ya mlima. Akakosea. Akalishusha.

Kwako Bi Rozami, kwako Hlimpuii na watoto, kwako fundi Hrangluta, na kwenu watu wa Fouhau ambao pengine mtatafsiriwa maneno haya, redio hii inawapa pole kwa moyo wote. Mmepoteza mtu aliyejua kurudi nyuma bila kukimbia. Mungu awafute machozi. Nami kwa niaba ya marehemu baba yangu naomba radhi kwa kalenda ile tuliyoigeuza.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sufuria zenu zinachemka, sitawachelewesha. Ila nina swali, na ninajiuliza mwenyewe kwanza. Katika miaka tuliyobakiwa nayo kabla mianzi haijachanua tena, kuna kitu gani umekijenga, ukakipenda, ukakipigia kengele, na watu wanakuja kukaa karibu na mlango kwa adabu tu? Wewe unakijua. Unakijua hata kama picha yake bado iko ukutani. Leo, ukishachota konzi yako, fikiria barua ya Bi Darthiangi.

Shusha. Misumari usiitupe.